Mafungu Matatu ya Fundi Viatu

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa barua ya kusimamia mirathi ya baba. Karani wa mahakama, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio moja, alinisomea mara mbili, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo. Akaniambia nikanunue daftari. "Kila utakachokifanya kwa ajili ya marehemu kiandike na tarehe yake. Siku ukiulizwa usianze kukuna kichwa."

Ndilo hili. Nimelinunua dukani mkabala na mahakama.

Baba alikuwa fundi viatu. Alifariki Novemba. Wosia wake una mistari sita. Nyumba iuzwe. Vilivyomo vithaminiwe. Vyote vigawanywe mafungu matatu yaliyo sawa kwa wanangu watatu. Msimamizi awe mwanangu wa pili, kwa kuwa hana papara.

Wa pili ni mimi, mtunza bohari wa hospitali. Nahesabu mashuka, ndoo na sabuni, na sijawahi kupungukiwa hata foronya moja. Wa kwanza ni kaka, mwalimu wa udereva. Wa tatu ni mdogo wetu wa kike, ambaye baba alimwita Shazia tangu utotoni, kwa jina la ile sindano kubwa ya kushonea ngozi, maana alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma. Shazia hakuolewa, wala hakuhama. Alijifunza kazi kwa baba, akashona naye miaka kumi na mmoja katika karakana, chumba cha mbele kinachotazama barabara. Baba alipolala kitandani yeye ndiye aliyemgeuza na kumwosha. Bado analala humo na kushona humo.

Kwa hiyo siku nyumba itakapouzwa, Shazia atapoteza kitanda na kazi kwa mpigo mmoja. Sijui nitatimizaje neno la baba bila kumtoa mdogo wangu nje. Hilo tu ndilo ninalolitafuta. Mengine ni karatasi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la karakana linavuja palepale pa mwaka jana. Shazia ameweka beseni.

Jumamosi, 9 Machi

Tumekutana watatu nyumbani kwa baba, kuandaa orodha ya mali. Niandike yote.

Baba alikuwa na mazoea yake. Kiatu cha mteja kilipofika, alikigeuza akaandika kwa chaki chini ya soli jina la mwenyewe. Alipozeeka akaanza kuandika na chini ya vitu vya nyumbani. Ukigeuza kiti unakuta jina la mtoto atakayekirithi. Akiudhika, anafuta na kuandika jingine. Mwaka juzi nilichelewa wiki moja kumletea dawa, nikapoteza meza ya chakula. Niliporudi na dawa na machungwa, nikarudishiwa. Tulikuwa tukicheka sana, hata yeye.

Leo kaka alianza kugeuza vitu hata kabla sijafungua daftari. Kiti, kiti, sanduku, kabati. Kaka akiwa anafikiri, mguu wake wa kulia hukandamiza sakafu, kama ana mwanafunzi pembeni anayekaribia kugonga ukuta. Leo alikandamiza asubuhi nzima.

Akakuta kabati la vioo ni lake. Mtungi wa maji ni wake. Chini ya meza ya cherehani, ile nzito ya kushonea viatu, jina la Shazia.

Kaka akachuchumaa pale, akauliza, bila kumtazama mtu, mwandiko huo ni wa nani. Sote tulijua. Miaka miwili ya mwisho mikono ya baba ilitetemeka hata hakuweza kushika chaki. Shazia ndiye aliyemwandikia, viatu vya wateja na vitu vya nyumbani.

"Aliniambia niandike, nikaandika," Shazia akasema.

"Ulikuwa peke yako naye."

"Nilikuwa peke yangu naye, ndiyo. Nyie mlikuwa wapi?" Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Ningekuwa mwizi wa chaki, kaka, hilo kabati la vioo ningekuandikia wewe?"

Kaka akasema ataleta kufuli yake aifunge karakana mpaka mthamini apite. Akaondoka bila kumaliza chai. Sikumzuia. Nilibaki naandika: viti, sita.

Jumapili, 10 Machi

Nimekuwa nikiikumbuka siku cherehani ilipoletwa. Nilikuwa na miaka minane. Wanaume wanne waliibeba. Baba aliniruhusu kuzungusha gurudumu mara moja, nikahesabu mishono, kumi na mbili. Shazia alikuwa mchanga, amelazwa katika boksi la ngozi chini ya dirisha, na hakuamka kwa kelele za mashine. Mama, aliyekuwa hai bado, alisema huyu amezaliwa kiziwi au amezaliwa fundi.

Kaka simwoni katika kumbukumbu hiyo. Sijui alikuwa wapi.

Jumatano, 13 Machi

Shazia alinijia kazini. Amepata kibanda cha kupanga karibu na kituo cha mabasi, ubavuni mwa fundi matairi. Anataka kuhamishia cherehani huko kabla kaka hajaleta kufuli. Hakulia. Alisimama kati ya marundo ya blanketi akisugua gundi kavu kwenye vidole, akasema wateja watatu wameshachukua viatu vyao kwa sababu wamesikia nyumba ina kesi.

Nilifikiri, kisha nikasema achukue. Ni yake. Baba alisema, na hata asingesema, mimi ndiye msimamizi.

Boharini hakitoki kitu bila hati. Nikachana karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: Cherehani ya viatu, moja, imekabidhiwa kwa mrithi wa tatu iwe mali yake. Nikatia sahihi, nikagonga na muhuri wa tarehe. Aliisoma, akaikunja mara nne, akanigusa bega.

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi. Mke wangu akaniuliza nimepandishwa cheo?

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mashuka ya wodi hayakauki.

Jumatatu, 25 Machi

Nilimpigia kaka kuhusu bati la karakana. Maji sasa yanaingia kwenye dari, mbao zimeanza kuvimba. Akaniuliza nataka kupaka rangi gari linalokwenda kukatwa? Atakayeinunua nyumba ataibomoa. Nikasema sawa, tuone.

Shazia anasema kibanda kinamletea wateja wengi kuliko nyumbani. Ameitundika ile karatasi yangu ukutani, ndani ya plastiki, kama leseni.

Jumatano, 3 Aprili

Hati ya wito. Kaka ameweka pingamizi mahakamani kwamba sifai kuwa msimamizi. Nimegawa mali kabla ya kuwasilisha orodha, na nimempendelea mrithi mmoja. Ushahidi wake ni picha ya karatasi yangu. Alipita kibandani kwa Shazia kama mtu wa kusalimia, akaipiga kwa simu pale ukutani.

Mwandiko wangu mzuri, kila herufi imekaa mahali pake.

Mke wangu amesema nimpigie kaka nimtukane. Sikuweza. Nimekaa kitandani na hati mkononi, nikikumbuka jinsi alivyokuwa akinibeba mabegani kuvuka mtaro.

Jumanne, 9 Aprili

Mahakamani. Mvua ilipiga bati la ukumbi hata hakimu akamwomba kila mtu apaze sauti, kwa hiyo mambo yetu ya ndani tuliyasema kwa kupiga kelele mbele za watu.

Hakimu ni kijana, mpole. Aliniuliza kama mwandiko ni wangu. Ndiyo. Kama nilikuwa nimeshawasilisha orodha ya mali. Hapana. Kama warithi wengine waliridhia. Nikasema baba aliandika chini ya meza.

"Aliandika nini?"

"Jina lake, kwa chaki."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akasema kwa upole kwamba wosia ni ule wenye sahihi na mashahidi, na chaki ni chaki.

Kisha akamuuliza kaka kwa nini cherehani moja kuukuu imemfikisha hapa. Kaka alisimama. Mguu wake ulitulia. Nitayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia, kwa kuwa sijawahi kuyasikia kabla.

"Mheshimiwa, hiyo cherehani ni ada yangu ya shule. Nilikuwa kidato cha pili, nashika namba tatu darasani. Baba aliniita akaniambia hela ni moja, ama wewe usome mwaka mmoja, ama tununue mashine tule wote. Nikatoka shule. Nikaanza kuosha magari. Siku inaletwa nyumbani mimi nilikuwa barabarani na ndoo. Hawa wawili wamesomeshwa na ile mashine. Sasa naambiwa ni ya mmoja wao, kwa chaki. Mimi siidai, mheshimiwa. Nadai ihesabiwe. Igawanywe kwa tatu kama alivyosema, na theluthi yangu niione."

Nilimtazama Shazia. Alikuwa anatazama chini. Sidhani kama naye alijua.

Amri ya hakimu: cherehani irudishwe katika nyumba ya marehemu ndani ya siku saba. Mthamini apite. Orodha iwasilishwe. Nyumba iuzwe kabla ya mwisho wa Juni. Mimi nisiondolewe, ila nimeonywa, na onyo limeandikwa.

Nje, kaka aliniambia, "Usinichukie, bwana mdogo." Nikasema simchukii. Ni kweli. Ingekuwa rahisi zaidi.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimekwenda kibandani mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja, nikapita kama naenda kwingine. Mara ya pili nikamkumbusha Shazia zile siku saba za hakimu. Alikuwa anashona kamba ya ndara ya mwanafunzi. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniuliza: "Ulinipa au uliniazima?"

Nikasema nilikupa, lakini sikuwa na uwezo wa kukupa.

"Sasa ungeniambia hivyo siku ile," akasema, "nisingetundika ukutani."

Ijumaa, 12 Aprili

Ameileta mwenyewe kwa mkokoteni wa kukodi, ndani ya manyunyu, imefunikwa mablanketi yake ya kulalia. Mwenye mkokoteni na fundi matairi waliishusha hadi mahali pake karakanani, pale miguu ya meza ilipoacha alama sakafuni. Nilitaka kusaidia, Shazia akanisogeza kwa kiwiko kama mtu anavyomsogeza mpita njia.

Kisha akatoa karatasi aliyoiandika yeye. Ulinipa kwa hati, akasema, nami narudisha kwa hati. Akanihesabia: kichwa, gurudumu, kanyagio, sindano saba, kopo la mafuta limebaki nusu. Nikatia sahihi. Akasoma sahihi yangu kana kwamba huenda nimeighushi.

"Kila asubuhi lazima ipakwe mafuta," akasema. "Hasa msimu huu. Nani atapaka?"

"Mimi."

"Wewe." Akaingia chumbani kwake, akatoka na begi na godoro limekunjwa. Nilimwambia hakuna aliyemwambia ahame, anayo haki ya kukaa hadi nyumba iuzwe, wosia haumkatazi. Akaweka funguo za nyumba juu ya daftari langu. Ana chumba nyuma ya kibanda, akasema, atashona kwa mkono. Hawezi kulala chumba kimoja na kitu alichonyang'anywa kikiwa chumba cha pili.

Hakusema kwa hasira. Kwa hasira ningejua la kujibu.

Jumapili, 14 Aprili

Nimepaka mafuta. Mikono yangu haijui, nimechafua meza.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepaka. Maji yanatonya hatua mbili kutoka kwenye cherehani. Nimeongeza beseni.

Ijumaa, 19 Aprili

Tone limesogea. Nilitaka kuihamishia chumba cha ndani, lakini mthamini ameandika kwamba kisihamishwe kitu mpaka apite, na safari hii sitaki kuonywa. Aliahidi Jumatatu. Nimeifunika kwa turubai.

Nimemwandikia kaka barua, safari hii kwa maandishi, nikiomba ridhaa yake kuziba bati kwa gharama ya mirathi. Nimemwandikia na Shazia. Pande zote mbili ziridhie, nami niwe na karatasi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mthamini hajaja. Barabara imekatika kwa maji.

Alhamisi, 25 Aprili

Kaka hajajibu. Shazia amejibu kwa simu, maneno matatu: "Mimi si msimamizi."

Sikwenda kupaka mafuta. Kwa kweli sikwenda tangu Jumatatu. Nikifungua ule mlango nasikia harufu ya gundi na ngozi, na kiti cha baba kimegeuzwa miguu juu tangu siku ile ya kaka, nami sijakigeuza. Najiambia nitapita nikitoka kazini, halafu najikuta kituo cha mabasi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Mthamini amesema labda wiki ijayo.

Alhamisi, 2 Mei

Jirani alinipigia kazini saa nne asubuhi. Dari ya karakana imeanguka.

Nilikimbia. Mlango haukufunguka, kulikuwa na mbao nyuma yake. Niliingia kwa dirisha, mimi na umri wangu. Mbao za dari zilizojaa maji, na boriti moja juu yake, zilikuwa zimelala juu ya turubai langu. Turubai lilikuwa halijachanika. Nilifurahi kwa dakika nzima. Nikaondoa mbao moja moja, nikaliinua.

Mkono wa cherehani umepasuka pale unapoinama kuelekea sindano. Nilidhani ni uchafu, nikafuta kwa kidole. Ni ufa, unapita upande hadi upande. Nilipogusa gurudumu kichwa kikalegea kikabaki kinaning'inia.

Nimemwita fundi wa kuchomelea. Alikigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa. Chuma cha kumimina, akasema, ukikichomea hapa kinapasuka pale. Akakataa hata nauli.

Nilikaa kwenye maji. Nilihesabu vilivyokuwa mle chumbani, kwa mazoea tu: kalibu za mbao za kuumbia viatu jozi ishirini na mbili, nyundo tatu, shazia nne. Hakuna kilichoibiwa. Hakuna kilichopungua.

Ijumaa, 3 Mei

Nilikwenda mahakamani kutoa taarifa, kwa kuwa msimamizi lazima atoe taarifa. Karani alinikalisha kwenye benchi lake, akasoma daftari hili tangu mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Alipofika tarehe 25 Machi akavua miwani.

"Nani alikwambia uombe ruhusa kuziba bati?"

Nikasema niliona haki kila mrithi aridhie.

"Kulinda mali ni kazi yako. Tena si hiari. Ungemwita fundi siku ileile, ukatunza risiti, nani angekuuliza? Na kitu kilicho hatarini kuharibika unakisogeza, unamwandikia mthamini kwamba umekisogeza. Basi." Akarudisha nyuma kurasa, akagonga kidole penye 13 Machi. "Na hapa, pa kugawa, ndipo palipohitaji ridhaa, hapa hukumuuliza mtu. Ulipokuwa na uwezo ukaomba ruhusa. Ulipokuwa huna, ukajipa."

Hakuwa ananisuta, alisema kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akaniuliza kama nimekula. Sijui kwa nini swali hilo ndilo lililoniliza.

Jumamosi, 4 Mei

Kaka alikuja kuona. Alisimama mlangoni akiwa na ufunguo wa gari mkononi. Nikamwonyesha ufa. Akapiga goti majini na suruali yake ya kazini, akaupapasa, akajaribu kukiunganisha kile kichwa kwa mikono miwili, kama mtoto anayeunganisha kikombe kabla mama hajarudi. Kikakaa. Alipoachia kikaanguka tena.

"Barua yako niliipata," akasema.

"Najua."

"Niliona una haraka ya kumtengenezea yeye."

Nilidhani ataomba radhi, au nitaomba mimi. Akasimama, akajifuta magoti, akasema, "Haya. Sasa tumegawana sawa."

Nilimwona akitabasamu, na uso ule nisingependa kuuona tena. Lakini nilimwona pia alivyokaa ndani ya gari lake, lile lenye kibao cha mwanafunzi juu, bila kuliwasha, robo saa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwambia Shazia. Nilijiandaa kwa matusi. Niliyatamani, nilitembea hadi kibandani nikiyasubiri.

Alikuwa anashona soli kwa mkono, vidole vimefungwa vitambaa. Nikamweleza yote, bati, barua, mthamini, siku nilizokosa kwenda. Hakuinua uso. Nilipomaliza akaniuliza ni sehemu gani iliyopasuka. Nikamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, hapa, kwenye kiwiko.

"Haitengenezeki hapo," akasema.

"Nitaingiza thamani yake kwenye fungu langu. Nitalipa mimi."

"Fanya inavyotakiwa."

Nikamwambia hasira zake ni haki yake, anitukane. Akavuta uzi, akaukaza. Akasema, "Nikutukane upate nafuu?"

Ukutani, pale palipokuwa na karatasi yangu, kumebaki misumari minne.

Jumanne, 14 Mei

Mthamini amekuja, hatimaye. Jua limetoka. Ameiandika cherehani kama chuma chakavu. Nimemwomba aandike pia thamani yake ilipokuwa nzima. Akanitazama, akaandika.

Bati nimeliziba. Fundi alitumia nusu saa.

Jumatatu, 27 Mei

Wanunuzi watatu wamefika. Mmoja aliletwa na kaka, akataka kwa bei ya chini kuliko ya mthamini. Nikakataa. Kaka akasema tumalize, amechoka. Nikamwambia bei ikishuka tunapunjika sote, naye akiwemo, na mimi ndiye mwenye sahihi. Nilijishangaa sauti yangu. Laiti sauti hiyo ningekuwa nayo Machi.

Jumatano, 12 Juni

Nyumba imeuzwa kwa mwenye duka la dawa, kwa bei ya mthamini. Hataibomoa. Atafanya karakana kuwa stoo.

Alhamisi, 20 Juni

Tumetia sahihi mbele ya karani. Mafungu matatu. Langu ni dogo kuliko yote, kwa kuwa nimekatwa cherehani, nami ndiye niliyeandika makato hayo.

Kaka aliisoma karatasi mstari kwa mstari. Alipofika penye cherehani, kwa thamani yake ilipokuwa nzima, na theluthi yake mbele yake, alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Nilifikiri labda anaona ndoo na magari. Akasaini. Akakunja hundi, akaondoka bila kuaga, si kwa kiburi, nadhani, ila mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza.

Shazia alisaini bila kusoma. Karani akamwambia asome kwanza. Akajibu kwamba kaka yake ni mtu wa kuandika sawasawa.

Karani akanipa mkono. Akasema katika faili zake za mwaka huu hili ni moja ya machache yaliyofungwa kwa wakati, bila kupungua kitu. Alisema hivyo kunifariji.

Jumapili, 30 Juni

Usimamizi umekwisha, sina lazima ya kuandika. Naandika kwa kuwa ukurasa umebaki.

Leo nilikwenda kwa Shazia, si kwa kazi. Nilibeba mkate na majani ya chai. Chumba chake ni kidogo na kisafi. Amenunua cherehani? Sikuuliza, sikuiona. Aliniona mlangoni akatabasamu, akasema, "Karibu sana." Akapangusa kiti, kilikuwa kimoja tu, akanikalisha mimi, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda. Akapokea mkate kwa mikono miwili, akasema nisingejisumbua. Akanitilia chai katika kikombe chenye kisahani. Akauliza habari za mke wangu, za watoto, za kazini, na kila nilipojibu akasema, "Tunashukuru." Nikamwambia utani wetu wa zamani, ule wa baba na mteja aliyeleta viatu viwili vya mguu wa kushoto. Alicheka kidogo, kwa adabu, mpaka nilipomaliza.

Nilitafuta mahali pa kuomba radhi. Hakukuwa na nafasi, kila mahali pamejaa ukarimu.

Niliponyanyuka, naye akanyanyuka. Akavaa viatu. Nikamwambia asitoke, jua kali. Akasema haiwezekani, akanisindikiza hadi barabarani, akasubiri nami basi lije, mikono ameifumbata mbele kama anavyofanya mtu na mgeni wa heshima. Basi lilipofika akasema, "Ahsante kwa kuja. Karibu tena siku nyingine."

Nyumbani kwetu, katika miaka yote ile, hakuna mmoja wetu aliyewahi kusindikizwa. Ukitoka, sauti ilikufuata tu kutoka ndani, ya yeyote aliyekuwa karibu, ikikwambia uvute mlango.